Uzi wa Robota

Kwenye rafu yangu kuna kitabu kilichoshonwa kwa uzi wa robota la tumbaku. Ni uzi mnene wenye rangi ya majani makavu, ule ambao wakulima wa Chunya hushonea marobota yao kabla ya kuyapeleka sokoni. Miaka imepita, lakini ukikisogeza kitabu puani bado utasikia harufu ya bani, banda la kukaushia tumbaku: moshi kidogo, utamu kidogo, joto la kuni za usiku. Mishono yake ni mikubwa na haiko sawa. Katikati, mahali ambapo kurasa za chapa zinakatika, kuna karatasi za daftari zenye mistari ya buluu, zimejaa miandiko ya watu wengi, mingine imelala kama nyasi baada ya mvua, mingine imesimama wima kama askari wa gwaride. Mgeni akikiokota hudhani kimeharibika, hukirudisha taratibu kwa heshima ya kitu kizee. Mimi kila nikikigusa hukiona ndicho kitabu kizima kuliko vyote nilivyo navyo, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza kwa nini.

Kitabu chenyewe ni Weep Not, Child, riwaya ya Mkenya Ngũgĩ wa Thiong'o iliyochapishwa 1964, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi katika somo la Kiingereza, kidato cha tatu na cha nne, hapa Tanzania. Nilikuwa nafundisha Chunya. Darasa lilikuwa na wanafunzi 68, nakala zilikuwa tano. Tulisoma kwa makundi, vichwa kumi na vinne vikiinamia ukurasa mmoja kama vifaranga juu ya punje, na waliokaa nyuma walisoma kwa masikio. Jioni moja nikachukua wembe. Nimelelewa katika nyumba ambamo kitabu kikianguka huokotwa kwa mikono miwili, hupanguswa vumbi, huwekwa mahali pa juu; mkono wangu ulisita kwenye mgongo wa kile kitabu kama unavyosita kwenye shingo ya kuku uliyemlea mwenyewe. Riwaya ina sura 18. Niliikata nakala moja vipande tisa, nikavijalidi kwa maboksi ya sabuni, na asubuhi yake kila safu ya madawati ikapata kipande chake.

Safu moja tu ndiyo iliyoanza na mwanzo. Waliokaa mlangoni walimkuta Njoroge, mhusika mkuu, bado mtoto wa nyumbani, mama yake anamuuliza kama angependa kwenda shule. Waliokaa dirishani walimkuta amekwisha kuwa kijana wa sekondari, nchi imeingia katika Hali ya Hatari, kaka yake yuko msituni. Wakati wa mapumziko, kwenye foleni ya uji, nikasikia maswali kuhusu Ngotho, baba yake Njoroge, ambayo sijawahi kuyasikia katika somo la fasihi. "Mzee Ngotho kwenu bado ana kazi?" "Kwetu hana." "Kwetu ameshakufa, jamani." Yule aliyeambiwa mzee ameshakufa alinyamaza akakitazama kikombe chake, kama mtu aliyefikiwa na habari za msiba kabla ya wafiwa wenyewe. Baadaye alirudi kwenye kipande chake, akamkuta mzee yuleyule yu hai, amekaa na wanawe usiku akiwasimulia jinsi ardhi ile ilivyokuwa ya wazee wao, na nilimwona akisoma kwa upole ambao hakuna mwalimu awezaye kuufundisha. Alikuwa anamsikiliza mtu ambaye hana muda mrefu.

Neno nililokuwa nimeliandaa kwa wiki ile ni flashback. Kwa Kiswahili tunasema kisengerenyuma, neno refu linalotembea kwa visigino, uso mbele, miguu ikirudi ilikotoka. Nililiandika ubaoni, nikaanza kulieleza, nikaona macho yao yamekwisha kulielewa. Na nilipowatazama nikaelewa mimi jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: kwamba sote huingia katika maisha kama safu ya dirishani. Mtoto huzaliwa katikati ya kisa. Wazazi wamekwisha kugombana na kupatana, shamba limekwisha kuuzwa, babu amekwisha kuzikwa, na ugomvi wa wajomba una umri mkubwa kuliko yeye. Anakuta watu wanamnunia jirani fulani, naye hununa, bila kujua sura iliyoandika kinyongo kile. Miaka yake iliyobaki anaisoma kinyumenyume, akiokota kwa shangazi neno moja, kwa nyanya neno la pili, kwenye picha iliyochakaa neno la tatu. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Riwaya haikuibuni mbinu ile. Iliikuta kwetu sebuleni, ikaipa jina.

Chunya yenyewe ni mahali panaposomwa kuanzia katikati. Ukitoka Mbeya mjini barabara hupanda kwanza. Huuacha mlima Loleza, ikaingia kwenye ukungu na mashamba ya viazi ya Wasafwa, watu wamejifunga makoti mchana kweupe, mpaka ifike pale juu ambapo ardhi hukatika ghafla upande mmoja, na chini kabisa, katika rangi isiyo ya mbingu wala ya nchi, umelala uwanda wa Usangu. Kisha huteremka. Koti huvuliwa. Msitu wa miombo huanza, na mizinga ya nyuki imetundikwa mitini, na vumbi jekundu, na baada ya kilomita zipatazo 70 unaingia mji ambao usiku haulali, kwa kuwa makarasha husaga mawe mpaka alfajiri. Dhahabu ya huku, ya machimbo ya Lupa, ilianza kupatikana 1922. Katika miaka ya 1930 walimiminika wachimbaji wa Kizungu kwa mamia na vibarua wa Kiafrika kwa maelfu, mto kwa mto, kijito kwa kijito. Baadaye migodi mingi ikafungwa. Mgodi wa Saza, ambao leo uko upande wa Mkoa wa Songwe, ulifungwa 1956. Lakini dhahabu ni kama kisa kisichokwisha: kila kizazi husikia kwamba imebaki kidogo, na hicho kidogo kinatosha kuhamisha watu. Wanakuja Wanyakyusa, Wanyiha, Wasukuma na ng'ombe wao, wanawakuta Wakimbu na Wabungu. Mtoto huletwa shuleni mwezi wa tano, karatasi ya uhamisho imekunjwa mara nne mfukoni. Mwezi wa tisa dawati lake ni tupu.

Ndivyo kipande kimoja cha kitabu changu kilivyoondoka. Binti aliyekuwa amekipeleka nyumbani hakuonekana Jumatatu, wala Jumanne, na Jumatano wenzake wakasema familia imehamia kwenye rashi nyingine, yaani machimbo mapya. Baba alisikia kuna duara, shimo la kuchimbia, limetema dhahabu, wakaondoka usiku na godoro, masufuria na karai. Kipande kilikuwa ndani ya mkoba wake. Kilikuwa ndicho kile kinachofunga nusu ya kwanza ya riwaya, kabla giza la nusu ya pili halijaingia. Tukabaki na pengo. Upande wa huku, Ngotho ni mzee mpole anayeamka kila asubuhi kwenda kulihudumia shamba la Bwana Howlands, ardhi ambayo zamani ilikuwa ya ukoo wake mwenyewe. Upande wa kule, hana kazi, na hata mahali alipokuwa amejenga ameondolewa. Katikati hakuna kitu. Nakala nzima zilikuwepo. Ningeweza kuisoma sehemu ile siku ileile. Sikufanya hivyo, kwa sababu darasa lilikuwa limeanza kubishana, na mwalimu akisikia ubishi wa namna ile hukaa kimya kama mvuvi aliyeona mshipi unatikisika.

Mmoja alisema mzee aliiba. Wa pili alisema mzungu aliuza shamba akarudi kwao. Wa tatu alisema ni uzee tu, aliugua akaachwa. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma, ambaye muhula mzima sikuwa nimeisikia sauti yake kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili, akainua mkono nusu. "Mwalimu," alisema, "mtu mpole akifukuzwa kazi ghafla, ujue siku hiyo alisema." Basi. Akashusha mkono. Baadaye nilikuja kujua kwamba nyumbani kwao waliifahamu siku ya namna hiyo. Kesho yake nilichukua nakala nzima nikasoma kwa sauti. Wakamsikia Ngotho yuko kwenye mkutano wa mgomo. Wakamwona Jacobo, Mwafrika mwenzake, mtu tajiri, amesimama upande wa wakubwa kuwataka watu warudi kazini. Wakamwona mzee anainuka, anamwendea. Hakuna aliyepiga makofi. Waligeuka wote, kimyakimya, wakamtazama yule mvulana.

Tangu siku ile nimekuwa nikiyatazama kwa jicho jingine majina tunayoyaandika ubaoni. Setting, plot, theme, character, irony, symbol. Kwa Kiingereza yana sauti ya chuma. Yakitamkwa na darasa zima kwa pamoja hugonga kama nyundo kwenye reli ya kengele. Ukiuliza theme ni nini, darasa hujibu kwa mkupuo kama mkarara wa wimbo. Ukiuliza kitabu hiki kimekugusa wapi, kimya. Si kwamba hawana jibu. Mtihani wa taifa huwataka wachague vitabu viwili katika orodha na kuvitolea hoja, mara nyingi tatu kwa kila kimoja, na mtoto mwenye akili timamu hujipanga kwa kile atakachoulizwa. Huenda kwenye duka la kutolea kopi akanunua desa, kurasa kumi zenye dhamira zote, wahusika wote, na ujumbe umepangwa kwa namba. Hulimeza. Silaumu njaa ya mtu kwa namna anavyokula. Ninachouliza ni jambo moja: yule mvulana wa nyuma alifanya kile ambacho wahakiki wakubwa hukifanya, alitazama mawingu ya sura zilizotangulia akaiona mvua ya kipande kilichopotea, lakini hakuna hata jina moja kati ya yale aliyoyakariri lililomfikia mdomoni. Alikisoma kitabu kwa lugha ya nyumbani. Majina ya ubaoni yalikuwa upande wa pili wa mto, naye hakujua kwamba yanamhusu.

Nikaanza kuyavusha. Nilichukua neno moja kwa siku, Kiingereza chake kikabaki palepale kwa ajili ya mtihani, kisha nikaandika chini yake neno letu na kuwauliza wanasikia nini ndani yake. Siku ya kwanza ilikuwa mhusika. Walilirudia mara mbili tatu, mpaka binti mmoja akasema, "Ni anayehusika." Ndiyo. Kwa lugha yetu, mtu aliyemo katika riwaya haitwi kwa sura yake wala tabia yake. Anaitwa yule ambaye jambo hili linamhusu. Na neno hilo haliwezi kufungwa ndani ya jalada, kwa kuwa ukimfuata Ngotho mpaka pale anapoinuka, nawe limekuhusu. Siku ya pili ilikuwa dhamira. Huko shuleni tunaifundisha kama kichwa cha hoja: dhamira ya kwanza, ya pili, ya tatu. Lakini mitaani tunasema mtu dhamira yake inamsuta. Dhamira ni kile kilicho moyoni kisicholala. Tukauliza basi: kitabu hiki dhamira yake inamsuta nani? Mandhari ni kile ambacho jicho limekitazama, wala si orodha ya mahali tu, na kwa hiyo ina mtazamaji: shamba lilelile la Howlands ni mandhari mbili, ya aliyelinyang'anya na ya aliyenyang'anywa. Sitiari imetoka kwenye neno la Kiarabu lenye maana ya kuazima. Kusema jambo kwa sitiari ni kwenda kwa jirani kuazima sufuria ili upike chako. Na cha kuazima hurudishwa kikiwa safi.

Hata neno riwaya lina siri yake. Kwa Waarabu, lilikotoka, mzizi wake umebeba maana ya kusimulia na kupokezana habari, na umebeba pia maana ya kuchukua maji na kukata kiu. Niliwaambia hilo mwezi wa kumi, wakati Chunya visima vimeshuka na watoto wanaamka saa kumi usiku kupanga madumu. Walilielewa kuliko nilivyolielewa mimi. Msimulizi ni mchota maji. Ametembea mbali, amesubiri foleni, amejitwika mzigo usiokubali kuyumbishwa, na akifika nyumbani hanywi peke yake.

Ukishampa mtoto jina la namna hiyo, usishangae akilitumia mahali ambapo hukumtuma. Tulipozungumza kuhusu Ngotho anayesubiri, mwaka hata mwaka, kwamba siku moja ardhi itarudi, mwanafunzi mmoja alisema nyumbani kwao wanalima shamba la babu, lakini leseni ya madini ya chini yake ni ya mtu mwingine. Akauliza: nani mwenye mahali hapa, wa juu au wa chini? Sheria inalo jibu: madini yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, na haki ya kuyachimba hutolewa kwa leseni, na mwenye shamba ana haki zake za kushirikishwa na kulipwa fidia. Nililitoa jibu hilo. Lakini swali lake halikuwa la mwanasheria. Alikuwa amesimama juu ya ardhi ya babu yake na kuiona, kwa mara ya kwanza, kama mandhari yenye watazamaji wawili. Kiambu ya Ngũgĩ na Chunya yetu zilikuwa zimekutana katika sentensi ya kijana wa miaka kumi na sita, na kilichozikutanisha ni kitabu kilichokatwa kwa wembe.

Kuna siku nyingine ambayo bado inanijia. Katika orodha ileile ya vitabu kulikuwa na Passed Like a Shadow cha Bernard Mapalala, kisa cha familia moja ya Uganda inayotafunwa na UKIMWI. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulionesha maambukizi ya VVU kwa watu wazima wa Mkoa wa Mbeya kuwa asilimia 9.3, wakati wastani wa nchi ulikuwa chini ya asilimia 5. Iringa na Njombe zilivuka asilimia 11. Nilizijua takwimu hizo. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba takwimu zimekaa mbele yangu zimevaa sare. Nilikuwa nafundisha tafsida, ule ustadi wa kulifunika neno kali kwa neno laini. Nikaomba mifano. Ilianza ya kawaida: kujisaidia, kujifungua, mja mzito. Kisha sauti moja ikasema, "Aliugua kwa muda mrefu." Nyingine: "Alikanyaga miwaya." Nyingine, chini zaidi: "Mama alikuwa na kifua." Hakuna aliyecheka. Watoto wale walikuwa wamelelewa ndani ya tafsida kama wengine wanavyolelewa ndani ya nyumba ya nyasi. Walijua kila unyasi wake. Walichokuwa hawajui ni kwamba kuna jina la lile paa, na kwamba ukilijua jina lake unaweza kutoka nje ukalitazama, ukaamua mwenyewe lini urudi ndani. Jina la fasihi haliondoi uchungu. Linaupa mpini, ili mtu aweze kuushika bila kujikata.

Kwa wachimbaji wa Chunya kuna neno marudio, na shuleni tuna neno hilohilo. Kwetu marudio ni kusoma tena kabla ya mtihani. Kwao ni ule mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa, kuoshwa na kupitishwa kwenye zebaki. Zebaki hushika dhahabu inayoonekana upesi. Ile iliyo laini kama vumbi, iliyojificha ndani ya chembe, hubaki. Mchimbaji mwenye njaa ya leo huuza marudio yake kwa bei ndogo, kisha mwenye mtambo wa uchenjuaji huyaloweka kwa siku nyingi na kupata alichopata. Aliyeteremka kwenye duara, aliyehatarisha pumzi yake, hajui ameuza nini. Nimefikiri sana juu ya hilo. Dhamira tatu na wahusika wawili ndiyo dhahabu ya zebaki. Inapatikana haraka, inalipa ada ya leo. Lakini kitabu alichokisoma mtu akiwa na miaka kumi na sita kimebaki na mengi kwenye mchanga wake, na ningependa kila mwanafunzi ajue kwamba marudio ni yake. Asiyauze. Atayarudia akiwa na miaka thelathini, amekwisha kufukuzwa kazi au kufiwa au kulea, na sentensi aliyoikariri bila kuielewa itamjia barabarani, itasimama mbele yake, itamwita kwa jina.

Lugha ya riwaya zile ilikuwa Kiingereza, na sina ugomvi na mlango ambao mtoto wa Chunya ameupitia kukutana na mtoto wa Limuru. Ngũgĩ mwenyewe aliuandika mlango ule akiwa kijana wa Makerere, kisha akautafakari maisha yake yote. Mwaka 1977 aliwekwa kizuizini baada ya mchezo wa kuigiza wa Kigĩkũyũ uliochezwa na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ. Akiwa gerezani Kamiti aliandika riwaya kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi za chooni, ikachapishwa 1980. Na mwaka 1986 akaeleza kwa urefu kwamba anayetawala lugha ya mtoto ametawala njia anayopitia kujiona. Kabla yake, Mwalimu Nyerere alikuwa amemvusha Shakespeare kuja Kiswahili, Julius Caesar mwaka 1963 na The Merchant of Venice mwaka 1969, kuonesha kwamba mto ule una daraja la pande mbili. Ngũgĩ alifariki tarehe 28 Mei 2025, akiwa na miaka 87. Niliposikia habari nilikishusha kitabu kutoka kwenye rafu. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami naamini. Lakini nimeona pia kwamba mtoto anayejua kushona kwa uzi wa kwao huweza kuipunguza nguo ya kuazima mpaka ikamkaa. Swali si Kiingereza au Kiswahili. Swali ni kama mtoto, akifika kwenye ukurasa unaomuuma, ana lugha ya kusema "hapa."

Zile karatasi za daftari katikati ya kitabu ni sura waliyoiandika wao. Baada ya kusikia sehemu halisi waliomba waandike ya kwao, wakaandika kwanza kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza kilichopigwa viraka vizuri. Katika sura yao Ngotho hasemi chochote kwa muda mrefu. Anatazama viatu vya Jacobo. Anakumbuka viatu vya baba yake, kwamba hakuwa navyo. Ndipo anainuka. Sikubadilisha neno. Mzazi mmoja, mkulima wa Lupa, alitoa uzi na sindano ndefu ya kushonea marobota, na jioni tuliyafunga yote pamoja, vipande vinane vya chapa na kimoja cha mkono. Katika kushona nilijua kwa nini kitabu kile ni kizima. Vingine vyote nilivyo navyo vimeandikwa na mtu aliyeondoka. Hiki kimoja waliohusika wanaonekana ndani yake.

Lakini kipande kilichopotea kiko mahali. Labda Makongolosi, labda Kahama, labda Geita, ndani ya mkoba uliochakaa au chini ya godoro, kuna kurasa chache ambamo mzee mmoja anainuka. Binti yule hana mwanzo wa kisa wala mwisho wake. Ana siku moja tu, siku ambayo mtu mpole alisema. Namwaza akiisoma kwa mwanga wa tochi, wakati makarasha ya mji mwingine yanasaga. Namwaza akijiuliza mzee yule ni nani, alitoka wapi, na baada ya hapo walimfanyia nini. Anayo maswali yote ambayo riwaya inayahitaji. Siku ile tulipokuwa tunamalizia mishono, mvulana wa nyuma ndiye aliyeshika sindano. Alipofika kwenye fundo la mwisho alinitazama, akauliza alikaze au aliache. Tukaliacha. Mpaka leo ukilivuta kidogo linafunguka, na pale katikati pana nafasi ya kutosha kwa kurasa zinazorudi.